Meza ile ile: hotuba yangu ya Ngamiani kuhusu Will Crooks

Jumamosi nilihutubia hapa Ngamiani, Tanga. Wengi mlikwamishwa na mvua, na wenzetu wa zamu ya bandarini hawakuweza kutoka, kwa hiyo hii hapa yote kama nilivyoisema, sijapunguza.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Mama zangu wa soko la Mgandini nimewaona mmekaa nyuma kabisa, sogeeni huku mbele jamani viti vipo, nyie ndo wenye shughuli.

Nianze na swali. Hivi mtu akishakaa kwenye meza ya maamuzi, anamuonaje yule aliyesimama upande wa pili ameshika kofia mkononi? Anamuona mtu? Au anaona karatasi tu?

Nauliza kwa sababu habari yangu ya leo inaanzia mezani na itarudi mezani. Ni habari ya Mwingereza mmoja anaitwa Will Crooks. Najua kuna watu wameshaanza kunong'ona, mzungu wa nini tena, kwani sisi hatuna wetu? Tunao. Tunao makuli wa Tanga hii hii waliogoma 1939. Tunao watu wa mkonge wa Mazinde waliogoma 1958. Tunaye mzee Kawawa, katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika lilipoundwa 1955, na baadae akawa waziri mkuu. Hao tumeshawasema na tutawasema tena. Ila huyu nimemchagua kwa sababu kila nikisoma habari zake naiona Ngamiani, naiona Makorora, na zaidi namuona marehemu baba yangu.

Baba alikuwa kuli. Wazee hapa wanakumbuka, wakati ule meli kubwa hazisogei gatini, zinatia nanga huko nje kwenye ghuba halafu mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa. Baba alikuwa anatoka na baiskeli kabla ya alfajiri anaenda kusimama getini na wenzake, anakuja mtu anaita majina, ukiitwa una kibarua cha siku hiyo usipoitwa basi. Akiitwa tunakula. Asipoitwa anarudi saa mbili asubuhi na baiskeli anaikokota, hapandi, mpaka leo sijui kwa nini alikuwa hapandi, na mama akichungulia dirishani akimuona anaikokota hana haja ya kuuliza, anarudi jikoni anapunguza unga.

Sasa shikeni hiyo picha, twende London.

Will Crooks alizaliwa 1852 sehemu inaitwa Poplar, mashariki ya London, pembeni ya mto Thames, mtaa wa bandari, watu wake ni makuli, mabaharia, mafundi wa meli, na wake zao wanaoshona nguo za kulipwa kwa kipande. Baba yake alikuwa anachochea makaa kwenye meli. Siku moja anaitia mashine mafuta, mwenzake hajui kama kuna mtu ameingiza mkono, akaiwasha. Mkono ukasagika, ukakatwa. Will alikuwa na miaka mitatu. Fidia? Hamna kitu. Kuanzia hapo baba ni mtu wa kuokota kazi za ulinzi za hapa na pale, na mzigo wote ukamwangukia mama, watoto saba, anashona makoti ya mvua ya mabaharia mpaka usiku wa manane kwa taa. Na usiku mmoja Will akashtuka usingizini akamkuta mama yake analia, akamuuliza unalia nini, mama akamwambia nawaza mwanangu kesho mtakula nini.

Mama zangu mnaijua hiyo. Sina la kuongeza.

Enzi hizo kwa Waingereza kulikuwa na bodi ya kila eneo inaitwa bodi ya walezi wa maskini. Sikieni jina, walezi. Kazi yao kugawa msaada wa kodi ya wananchi kwa wasiojiweza. Familia ya kina Crooks ilikuwa inapata shilingi chache na mikate kwa wiki. Mwaka 1861 wakaitwa mbele ya bodi. Mama amesimama na wanawe, wakubwa wamekaa upande wa pili wa meza ndefu, na mwenyekiti akamtazama Will, mtoto ambaye hata miaka kumi hajafika, akasema huyu ni mkubwa ajitafutie riziki. Msaada ukakatwa. Mkitaka kula ingieni nyumba ya maskini.

Nyumba ya maskini ni nini? Ni jumba kubwa la serikali za mitaa, ukiingia unavuliwa nguo zako unapewa sare, mume upande wake, mke upande wake, watoto kwao. Iliwekwa iwe mbaya makusudi ili mtu aone bora alale njaa kuliko kuja kuomba. Mtu akikutana nawe barabarani na ile sare anajua umetokea wapi. Ndo huko alikoingia Will na ndugu zake, na baba yao mwenye mkono mmoja. Baadae watoto wakapelekwa shule ya maskini huko Sutton, nje ya London, na akatenganishwa na mdogo wake waliyekuwa hawaachani. Alikuja kusema utu uzima wake kwamba kila siku aliyokaa kule ilimchoma moyoni ikabaki alama. Mama alibaki nje, anashona, anashona, anashona, mpaka akapata pa kuwaweka akawatoa mmoja mmoja.

Ndugu zangu, huyu mtoto aliapa. Hakuapa kwamba atakuwa tajiri. Aliapa kuwa akikua atamfanyia kazi mama yake. Mimi kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Kazi alianza utotoni, kugawa maziwa asubuhi, mtoto wa kutumwa dukani kwa shilingi mbili kwa wiki, kibarua kwa mhunzi, na akiwa na miaka 14 mama akajinyima akamwingiza kujifunza ufundi wa mapipa. Vijana msione ni kazi ndogo, enzi hizo kila kitu kinasafiri kwenye pipa la mbao, bia, nyama ya chumvi, sukari, mafuta, bila fundi pipa bandari haitembei.

Hapo katikati kuna kisa nakipenda kuliko vyote. Kijana huyu alinunua kitabu kikuukuu kwa peni mbili, ni ule utenzi wa kale wa Wagiriki, Iliad ya Homer, vita na mashujaa na merikebu. Akausoma akachanganyikiwa kwa raha. Hakukaa nao peke yake, alikuwa anarudi nyumbani anawasomea ndugu zake na mama yake. Fikirini hicho chumba, kimoja, mama anashona, mwanae anamsomea habari za wafalme wa Ugiriki. Nani aliwadanganya kwamba mtu wa kibarua anataka mkate tu? Sisi watu wa mwambao hili tunalijua, hapa Tanga utakuta mzee hana pa kuweka kichwa lakini ana tenzi kifuani za usiku kucha.

Akaoa akiwa na miaka 19. Akawa fundi mzuri. Na tatizo la fundi mzuri ni kwamba anajua kazi mbaya ikoje. Pale alipokuwa anafanya kazi wakawa wanatumia mbao mbovu na kuwalazimisha watu kupitisha saa, akasema hapana. Wakamfukuza. Basi, ingekuwa kufukuzwa tu ni nafuu, jina lake likazungushwa kwa waajiri wote London nzima, huyu mchochezi, akifika kila mlango umefungwa. Anaamka asubuhi anazunguka ukingo wa mto anarudi jioni miguu imevimba. Ni baba yangu na baiskeli yake.

Mwaka 1876 akaondoka London kwa miguu kwenda Liverpool kutafuta kazi. Kwa miguu! Liverpool na London ni kama kilomita 350, yaani kutoka hapa Tanga mpaka Dar, hebu nyie mnaolalamika basi likichelewa Segera mfikirie. Akapata kazi, akamtumia mkewe nauli, wakajaribu kuanza maisha kule, wakafiwa na mtoto. Wakarudi London. Hali ikawa mbaya akaenda tena Liverpool kwa miguu mara ya pili. Mara ya pili, jamani. Halafu akarudi tena Poplar, akafanya kibarua cha gatini kama makuli wengine, mpaka hatimaye akapata kiwanda cha mapipa kilichomkubali akatulia.

Kwa nini nimeichelewesha sehemu hii? Kwa sababu watu wanapenda kuanzia pale mtu alipopata cheo. Cheo chake hamtakielewa bila hizo soli za viatu.

Sasa tuingie kwenye siasa yake, na siasa yake ilianzia getini. Sio ofisini wala hotelini. Poplar kuna geti la bandari linaitwa East India Dock, na Jumapili asubuhi watu wasio na kazi na wenye kazi walikuwa wanakusanyika pale. Crooks akaanza kusimama pale kila Jumapili anaongea. Kijiwe tu. Watu wakakiita chuo cha Crooks, na kweli kilikuwa chuo, maana anawafundisha bajeti ya mtaa inatoka wapi, nani anaamua maji, nani anaamua mshahara wa mfagia barabara, kwa nini kwao hamna maktaba na hamna bustani ya watoto kucheza. Na alikuwa anachekesha! Wote walioandika habari zake wanasema hivyo, watu wanacheka machozi yanatoka halafu wanaenda nyumbani wanagundua wamefundishwa kitu. Hakunywa pombe na aliwasema walevi waziwazi, ila aliwasema kama ndugu.

Wakati huo huo, 1889, ukatokea mgomo mkubwa wa makuli wa London. Huu nataka vijana wa bandari mnisikilize vizuri. Utaratibu wao wa kuajiri ulikuwa ule ule wa baba yangu, ila mbaya zaidi, watu mamia wanabanwa kama kwenye kizimba, msimamizi anatoa tiketi chache, watu wanapandiana migongoni wanachaniana mashati kugombania kazi ya saa mbili. Mshahara peni tano kwa saa. Wakadai peni sita. Peni moja zaidi! Na wakadai ukiitwa kazini usilipwe chini ya saa nne. Mgomo ukaanza katikati ya Agosti, viongozi kina Ben Tillett, Tom Mann, John Burns, bandari kubwa kuliko zote duniani ikasimama mwezi mzima na siku kadhaa. Crooks alikuwa mmoja wa waliohangaika na mgomo ule, mchana anapiga mapipa, usiku majukwaani kuwatia watu moyo na kukusanya michango, mpaka mwili ukamshinda akalazwa hospitali.

Njaa ilikaribia kuwashinda wale watu. Nini kiliwaokoa? Wafanyakazi wa Australia, upande wa pili wa dunia, ambao hawajawahi kuwaona, walichanga wakatuma zaidi ya pauni 30,000. Makuli wakashinda. Peni sita wakapata.

Na hapa nawaambia ukweli wangu. Hapa kwetu tumezoea kusema mfanyakazi wa Tanga na wa Mtwara ni mambo mawili, mtu wa mkonge na mtu wa bandari ni mambo mawili, wakati mkonge ule ule unaoukata wewe Korogwe ndo anaoubeba mwenzio gatini. Mababu zetu manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Singida, wakawekwa kambi kwa makabila yao, na kila mmoja na kipande chake, yaani kadi ya kazi ya siku 30. Waliotengana hivyo ndo waliokuja kugoma pamoja.

Haya, 1892 Crooks akachaguliwa kuingia baraza la jiji la London. Fundi mapipa. Mle ndani akashikilia kitu kimoja kwa meno, kwamba kila mkandarasi anayepewa kazi ya baraza lazima alipe mshahara unaokubalika na vyama vya wafanyakazi, la sivyo hapewi kazi. Akawa mwenyekiti wa kamati ya madaraja, na ndo kipindi ambacho handaki la Blackwall lilichimbwa chini ya mto Thames, likafunguliwa 1897, mtu wa Poplar wakati ule akawa anavuka ng'ambo bila kulipa na bila kusubiri kivuko. Ndugu zangu wa Pangani mliolala upande wa huku kwa sababu pantoni limeharibika, nyie sina haja ya kuwaeleza. Na bustani za watoto zikaja pia, ile Island Gardens ilifunguliwa 1895 ukingoni mwa mto na ipo mpaka leo.

Ila yote hayo kwangu mimi ni ya pembeni. Nilisema tutarudi mezani.

Kuingia kwenye ile bodi ya walezi wa maskini ilikuwa lazima uwe na nyumba ya thamani fulani, yaani maskini hawezi kuwa mlezi wa maskini. Wakapigia kelele sheria ile, kiwango kikashushwa, na 1893 Crooks akaingia kwenye bodi ya Poplar pamoja na mwenzake George Lansbury. Mwaka 1897 akawa mwenyekiti. Mwenyekiti wa bodi ile ile! Ile iliyomsimamisha mama yake na kumwambia mwanao ajitafutie. Miaka 36 imepita, amekaa kiti kile, na mbele yake, upande wa pili wa meza, amesimama mjane na watoto wake.

Mngefanya nini? Wengine hapo ndo huanza kulipiza, wengine husahau, wengine husema mimi nilihangaika na wewe hangaika.

Yeye alianza na chakula. Aliingia jikoni. Hakutuma mtu, aliingia yeye, akaonja ule uji. Chakula kilikuwa hakiliki, watu hawana nguo za kutosha, wengine hata viatu hawana. Wakaanza kutoa wafanyakazi wakatili, mkate ukawa mkate, nguo zikawa nguo, na ile sare ya aibu wazee wakavuliwa, wakavaa nguo za kawaida, mzee akitoka nje hakuna anayejua anatokea wapi. Watoto wakaanza kupelekwa shule za kawaida pamoja na watoto wengine. Mnaona anachofanya? Anapita chumba kwa chumba anafuta kilichomchoma yeye. Sare, anafuta. Uji, anafuta. Aibu, anafuta. Mdogo wake aliyetenganishwa naye hawezi kumrudishia, lakini wa wengine anaweza.

Na wasiokuwa na kazi hakuwaacha. Kina Lansbury na yeye wakapata shamba huko Laindon 1904, kwa fedha za tajiri mmoja wa sabuni wa Kimarekani aitwaye Joseph Fels, watu wakapelekwa kulima badala ya kukaa wanaponda mawe bila maana. Novemba 1905 maelfu ya wanawake wa mashariki ya London wakaandamana mpaka kwa waziri mkuu Balfour kudai kazi za waume zao. Wanawake, na watoto mgongoni na mikononi.

Ilipita bure? Haikupita bure. Wenye mali wakasema bodi ya Poplar inatapanya kodi, inawadekeza maskini, na 1906 serikali ikaweka uchunguzi, vitabu vikafunguliwa, magazeti kila siku. Ripoti ikawalaumu kwa matumizi. Crooks mwenyewe hawakumkuta na senti ya mtu mfukoni, na aliendelea kuishi mtaa ule ule wa Poplar katika nyumba ndogo kama za jirani zake. Mimi sisemi bodi haikukosea hesabu, inawezekana waliwaamini wakandarasi kuliko walivyopaswa. Nasema mkate uliokatwa sawasawa kwa mzee wa miaka 70 siwezi kuuita utapanyaji, hata uniletee mkaguzi.

Vyeo vingine nivipite haraka. 1901 akawa meya wa Poplar, meya wa kwanza wa upande wa wafanyakazi London nzima. Machi 1903 akagombea ubunge Woolwich, kule kwenye kiwanda kikubwa cha silaha, kiti ambacho wahafidhina walikihesabu ni chao, akapata kura 8,687 na mpinzani wake 5,458. Bungeni akapigania pensheni ya wazee, ikapita 1908, shilingi tano kwa wiki kwa aliyefika miaka 70, na 1911 akapeleka hoja ya mshahara wa chini wa shilingi 30 kwa wiki.

Lakini siji hapa kuwaletea malaika. Mwaka huo huo wa 1911 yeye na wenzake watatu walipeleka muswada wa kuzuia migomo bila notisi, na vyama vya wafanyakazi vikakasirika, na mimi ningekuwepo ningekasirika. Na kuna kubwa zaidi linalotuhusu sisi wa Tanga moja kwa moja.

Vita ya 1914 ilipoanza Crooks aliiunga mkono kwa nguvu zote, akazunguka kuhamasisha vijana waende jeshini. Septemba 1914 bunge linafungwa, akasimama akauliza kama inaruhusiwa kuimba wimbo wa mfalme, akauanzisha mwenyewe na wabunge wote wakaitikia. Septemba hiyo. Mnakumbuka Novemba 1914 kilitokea nini hapa? Novemba 2 meli za Waingereza ziliingia kwenye ghuba yetu hii na askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, wakashushwa Raskazone, wakapigwa na jeshi la Mjerumani pamoja na askari wake Waafrika, mpaka nyuki wakawashambulia, Novemba 5 wakawa wamerudi melini. Watu husimulia habari ya nyuki kwa kucheka. Mimi sicheki. Mle kuna watoto wa maskini wa India waliokufa kwenye mashamba ya Tanga bila kujua wanapigania nini, na baada ya hapo wapagazi wetu, watu wa huku, walibebeshwa mizigo ya vita ile miaka minne wakafa kwa njaa na maradhi njiani, makaburi yao hayaonekani.

Mtu aliyejua kilio cha mama mmoja Poplar hakukisikia kilio cha mama wa Raskazone. Nampenda Crooks, nimewaambia wazi nampenda, lakini hapo simfuati. Hapo alikaa upande wa pili wa meza na hakujua kama amekaa.

Alijiuzulu ubunge 1921 kwa ugonjwa, na Juni 5 mwaka huo akafariki akiwa na miaka 69. Amezikwa huko huko mashariki ya London, kwenye makaburi ya Tower Hamlets, na watu wake.

Sasa kuna jambo moja nimeliruka makusudi. Kuna kijana hapa mbele tangu saa ile ananitazama, najua anataka kuuliza, huyu fundi mapipa alikula wapi? Maana kiti cha baraza la London kilikuwa hakina mshahara. Hata wabunge wa Uingereza hawakulipwa mpaka 1911. Ndo maana walioingia ni matajiri tu, wana muda, mashamba yao yanawalipa wakiwa wamekaa. Mtu wa kibarua akienda kikao siku hiyo hali.

Jibu ni hili. Watu wa Poplar walikuwa wameunda chama chao cha wafanyakazi cha mtaa, na kabla hawajampeleka Crooks kwenye baraza walianzisha mfuko wa mshahara wake. Wakachanga. Makuli, mafundi, akina mama wa kushona, na marafiki wenye nafasi kidogo. Kila wiki anapokea mshahara wake kutoka kwao, na anawatumikia. Alipokuwa anamkatalia mkandarasi, alikuwa anaweza kukataa, kwa sababu mkandarasi hakumnunulia hata chai. Fulana na kofia za kampeni hapa kwetu nani ananunua? Mafuta ya pikipiki siku ya mkutano nani anatia? Mnamjua. Halafu tunashangaa diwani simu yake anapokea ya nani.

Tumekaa na kamati hapa wiki tatu tunalizungumza. Tuna wenzetu watatu wanaokwenda kwenye vikao vya mtaa na vya kata kutusemea, mmoja ni wa bandarini, mmoja wa kiwandani, mmoja mama lishe, na kila wakienda kikao wanakosa siku. Mama lishe siku ya kikao hafungui, ugali wa mchana umekwenda, mtaji umelala. Tukasema siku hiyo tuwalipe sisi. Jero kwa wiki kwa anayeweza. Asiyeweza asione haya, anajua mwenyewe atasaidia nini.

Daftari liko pale mlangoni juu ya ile meza ndogo, kalamu nimeifunga kwa kamba ya katani isiondoke na mtu. Mstari wa kwanza nimejiandika mimi, jero yangu ya wiki hii nimeshaiweka kwenye kopo. Kuanzia wa pili uko wazi.